Mjomba Hakuwa Mlevi

Mjomba wangu alianza kutapika damu usiku wa Ijumaa. Sabato ilikuwa imeshaingia, nyumba imejaa watu, na ndiyo kwanza tulikuwa tumemaliza kuimba. Alisimama akashika ukuta, akasema tumbo linamchafuka, na kabla hajafika mlangoni damu ikamtoka mdomoni. Kwanza nyeusi yenye mabonge, halafu nyekundu kabisa. Mama alikimbilia beseni. Likajaa, likaletwa jingine. Ulikuwa wakati wa giza la mwezi, kila mtumbwi wenye injini uko ziwani kwenye dagaa, taa zao tunaziona kwa mbali kama mji mwingine, na zahanati iko ng'ambo. Alifariki kabla jogoo hajawika. Alikuwa hajafikisha miaka 45.

Msibani nilisikia mambo mawili. Wanaume waliokaa chini ya mwembe walisema gongo limemmaliza, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limevimba miezi mingi na kila mtu anajua tumbo la namna ile ni la mlevi. Wanawake jikoni walisema hapana, ni nyavu: msimu uliopita alivua kuliko wenzake, kuna mtu hakufurahi. Mjomba alikuwa Msabato tangu ujana wake. Hata majani ya chai hakuyagusa, alikunywa mchaichai. Hilo gongo angelinywea wapi? Lakini maneno ya msibani hayadai ushahidi, na mke wake aliyabeba yote mawili, la mume mlevi na la mume aliyerogwa, kwa miaka mingi kuliko ile aliyoishi naye.

Mimi wakati ule nilikuwa mwaka wa pili Morogoro, nasomea mimea. Sikuwa na neno la kumsaidia. Nilirudi chuoni na shuka moja la mjomba ndani ya begi, nikaendelea na karanga zangu.

Naziita zangu kwa sababu nilikaa nazo miaka mingi. Karanga ni mmea wa ajabu, na bado nikiuona shambani nasimama. Ua lake huchanua juu ya ardhi kama ua lolote, lakini likishachavushwa hutoa kikonyo kinachoinama, kinajichimbia udongoni, na punje hukua humo gizani. Maana yake ni kwamba mtoto wa mmea huu analelewa katikati ya kuvu. Udongo wa shamba umejaa kuvu wa kila aina, na mmoja wao, Aspergillus flavus, anazipenda sana punje zenye mafuta.

Mmea haukai kimya. Punje ikitobolewa au ikiguswa na kuvu hutengeneza kemikali za kujikinga, mojawapo ikiwa resveratroli, ileile inayopatikana kwenye ganda la zabibu. Kinga hiyo hufanya kazi maadamu punje ina maji ya kutosha. Ukame ukija katika wiki za mwisho kabla ya kuvuna, udongo ukapata joto la nyuzi 28 au 30, punje huanza kukauka ingali ardhini. Ikishakauka kiasi fulani hushindwa kutengeneza kinga yake, ilhali kuvu bado anastahimili ukavu uleule na joto lilelile. Mchwa wakiwa wamekwaruza ganda, mlango uko wazi. Kwa hiyo mara nyingi karanga huwa imeshapata ugonjwa kabla jembe halijaigusa. Ukianika kwenye ardhi tupu, ukajaza kwenye kiroba bado ina unyevu, unamkaribisha kuvu ndani ya nyumba, lakini safari yake aliianza shambani.

Nilikata maganda, nikapima maji, nikapima joto la udongo saa za mchana wakati wenzangu wako kivulini. Jioni tulichambua. Punje nzuri, nono, ziliwekwa upande wa kuuza. Zilizosinyaa na kubadilika rangi hazikutupwa. Kwetu hazitupwi. Zinasagwa, zinatiwa kwenye mboga za watoto, na zikishasagwa hakuna jicho linaloweza kuzitambua. Katika kazi yangu yote hili ndilo linaloniuma kuliko mengine: uchambuzi wa makini kabisa hupeleka safi sokoni na kubakiza mbovu jikoni.

Sumu anayoitoa kuvu huyu tunaiita sumukuvu, na aina yake iliyo mbaya zaidi ni aflatoksini. Ilijulikana kwa msiba wa ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi, maini yameharibika, na chanzo kikaja kuonekana kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Ukiimulika kwa taa ya urujuanimno aina moja hung'aa buluu na nyingine kijani, ndiyo maana zikapewa herufi B na G za rangi hizo kwa Kiingereza. Mara ya kwanza nilipozima taa ya maabara na kuwasha ile nyingine, sahani yangu ya karanga za kijijini iliwaka buluu. Ilikuwa nzuri kwa macho. Nilikaa nikiitazama mpaka mwalimu wangu akaniuliza kama ninaumwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuufuata mkondo wa sumu kutoka kwenye ganda mpaka kwenye ini, na sikurudi tena shambani kama mtu wa shamba tu.

Aflatoksini B1 ikiingia mwilini kama ilivyo haina nguvu kubwa. Ini huiona kuwa ni takataka na kutuma vimeng'enya vyake viibadilishe ili iweze kutolewa. Katika kuibadilisha, ini linatengeneza umbo jipya la sumu hiyo lenye kushikana na vinasaba vya seli. Yaani kiungo kinachotusafisha ndicho kinachoinoa silaha, kisha kinachomwa nayo. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani za ini kutoka kusini mwa Afrika na China walikuta kasoro ileile, mahali palepale, kwenye jeni iitwayo p53: herufi moja imebadilika kwenye kituo namba 249. Saratani nyingi haziachi alama ya aliyezisababisha. Hii huiacha.

Na sumu hii haiji peke yake. Utafiti wa Shanghai uliowafuatilia wanaume kwa miaka ulionyesha kwamba aliyekula aflatoksini bila kuwa na virusi vya homa ya ini B alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi kuliko asiye na chochote; mwenye virusi peke yake, mara 7; mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Nilipoisoma namba hiyo nilifikiria kanda yetu yote, kuanzia mahindi na karanga hadi virusi tunavyopeana bila kujua. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, kila mmoja na bahati yake.

Mwaka 2016 sumukuvu ilitoka kwenye vitabu ikaingia kwenye taarifa ya habari. Dodoma na Manyara watu walianza kuugua, macho ya manjano, tumbo kuvimba, na chanzo kilikuwa mahindi waliyojivunia wenyewe. Wagonjwa 68 walihesabiwa, 20 wakafa. Miaka 12 kabla, mashariki mwa Kenya, walikuwa 317, wakafa 125.

Basi nikarudi Mwanza nikiwa nimejiandaa kukutana na sumukuvu. Nilikuwa na dodoso langu la vyakula, mifuko ya sampuli, na uhakika mwingi. Wagonjwa wa ini niliokutana nao hospitalini walikuwa wavuvi. Wanaume wa miaka 25, 30, 40, kutoka Sengerema, Ukerewe, Magu, visiwa ambavyo hata majina yake sikuyajua ingawa nimezaliwa pwani hiihii. Bandama zao kubwa mpaka chini ya kitovu. Wametapika damu mara moja, mara mbili, wamesalimika, wamekuja. Nikachukua vipimo vyao vya kazi ya ini nikakaa mezani nisielewe. Vilikuwa karibu vya mtu mwenye afya. Mtu anavuja damu kwa sababu ya ini, na seli za ini zinafanya kazi yake.

Daktari mmoja wa pale, mtu mzima, hakunicheka. Alinisogeza kwenye mashine ya ultrasaundi akasema, "Mwanangu, weka karanga zako pembeni kidogo. Angalia mishipa."

Niliona matawi ya mshipa unaoleta damu kutoka utumbo kwenda kwenye ini, kuta zake nene, nyeupe, zimesambaa ndani ya ini kama vijiti. Daktari Symmers alikuwa amekwisha kuieleza picha hiyo akiwa Cairo mwaka 1904: alisema ini lililokatwa linaonekana kana kwamba limechomekwa mirija myeupe ya viko vya udongo. Hii ni kazi ya kichocho cha tumbo.

Nilikua nikijua kichocho kuwa ni kukojoa damu. Vijiji vya bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, ndicho kilichopo, na wavulana walikitania. Huku kwenye maji makubwa kipo kingine, Schistosoma mansoni, ambacho hakipiti kwenye mkojo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, jike ndani ya mfereji wa mwili wa dume, wameshikana kwa miaka. Jike hutaga mayai mamia kwa siku. Mengine hupenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo, ambayo ndiyo njia ya uzazi wake. Mengine, karibu nusu, huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama kwenye vimishipa vidogo. Mwili hulizungushia kila yai ukuta wa seli, na ukuta huo ukizeeka huwa kovu. Mayai ya mwaka mmoja, ya miaka 10, ya miaka 20. Makovu huzunguka mishipa na kuibana, seli za ini zikibaki pale pembeni salama. Damu inayotoka utumboni ikikuta njia imebanwa hurudi nyuma. Bandama hujaa. Mishipa ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo ule, hutanuka kama mpira wa baiskeli uliopata kifua, mpaka usiku mmoja inapasuka.

Damu inamwagika tumboni, inageuka nyeusi, halafu inatoka. Kwanza nyeusi yenye mabonge. Halafu nyekundu.

Niliomba ruhusa nikatoka nje. Hospitali iko mlimani, ziwa lote unaliona. Nililia pale kwenye ngazi mpaka mama mmoja muuza ndizi akaja akakaa karibu yangu bila kuniuliza kitu.

Nimefanya kazi ya kichocho cha tumbo tangu siku ile, na watu wa mimea walidhani nimewahama. Sikuwahama. Minyoo hii haiwezi kuishi bila konokono, na konokono wake, Biomphalaria, ana uhusiano mkubwa na majani: kwenye mafunjo na matete ya ukingoni, na chini ya magugumaji yaliyofika kwenye ziwa letu miaka ya mwisho ya 1980 na kufunga mialo mizima. Konokono mmoja aliyeambukizwa humwaga lava, yaani watoto wa minyoo hiyo, maelfu, na huwamwaga jua likiwa kali, saa zile ambazo watoto wako majini na akina mama wanaosha dagaa. Lava hupenya ngozi kwa dakika chache. Nimeshinda miaka nikichota konokono kwa chujio la mpini mrefu, nawaweka kwenye vikombe vya maji juani, nawatazama wakitoa lava kama vumbi.

Mtu niliyetamani kumfuata ni Aklilu Lemma, Mwethiopia. Mwaka 1964, Adwa, alitazama wanawake wakifua mtoni kwa matunda ya mmea uitwao endod, akaona kwamba chini ya mahali pale konokono wamekufa wengi kuliko kwingine. Hakukuwa na kifaa, kulikuwa na jicho. Mmea huo, Phytolacca dodecandra, unaota Afrika Mashariki pia, na mimi mtoto wa mimea niliona hapa ndipo mikono yangu miwili inapokutana. Nilikausha matunda, nikasaga, nikatia kwenye ndoo. Kesho yake konokono wote walikuwa wamekufa. Kwenye beseni la pili nilikuwa nimeweka vifaranga vya sato, maji yaleyale, kipimo kilekile. Nao walikuwa wanaelea.

Mtoni Adwa, ambako watu wanafua, hilo lina jibu. Ziwani, ambako watu wanakula samaki na maji hayana mwisho wa kuyatibu, halina. Niliandika matokeo kama yalivyo. Mwezi mzima nilikuwa sina raha.

Mimea imenirudia kwa upande mwingine pia, upande ambao sipendi kuusema hadharani kwa sababu unaudhi watu ninaowaheshimu. Mgonjwa wa tumbo la maji huku kwetu huja hospitali akiwa ameshapita kwa wengi. Bibi mmoja wa Igombe alinijia na mjukuu wake na chupa ya dawa ya mizizi.

"Mjukuu wangu, hii ni ya ini. Mimi mwenyewe nachimba."

Nikamwamkia tena, nikamwomba anionyeshe majani ya mmea wenyewe. Siku ya pili akayaleta. Yalikuwa ya jamaa ya marejea, si marejea ya mboga, bali ndugu yake wa porini. Jamaa hiyo ni kubwa, na baadhi yao wana kemikali ziitwazo alkaloidi ambazo ini huzibadilisha, kama linavyoibadilisha aflatoksini, kuwa kitu kinachounguza kuta za vimishipa vyake vidogo mpaka vinaziba. Afghanistan katika miaka ya 1970 mbegu za mmea mwingine wenye alkaloidi za namna hiyo zilichanganyika na ngano baada ya ukame, na zaidi ya mtu 1 kati ya 5 waliopimwa katika eneo lile alikuwa na dalili za ugonjwa wa ini. Nilimweleza bibi taratibu. Nilimwambia ujuzi wake siudharau, kwamba mmea mmoja unaweza kuwa dawa ya kidonda na sumu ya ini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na ule wa mbigili, ninaousikia redioni, wa Wazungu?" Nikamjibu kwamba dondoo la mbigili ule huchomwa kwa sindano hospitalini Ulaya kwa waliokula uyoga wa sumu, lakini kovu la kichocho haliondoi. Akafunga chupa yake. Sijui kama aliimwaga.

Mke wa mjomba nilimwendea mwishoni, na ningepaswa kumwendea mapema zaidi. Nilikuwa na picha ya ini la mtu mwingine kwenye karatasi, mishipa myeupe. Tulikaa uani. Nilimweleza yai, kovu, mshipa, bandama. Nilimwambia mjomba alipata ugonjwa ule kwa kusimama majini akivuta nyavu tangu utotoni, na hata angekunywa mchaichai maisha yake yote ungempata. Aliishika karatasi muda mrefu.

"Angepona?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia prazikwanteli ingeua minyoo na makovu ya kijana huweza kupungua, lakini yake yalikuwa ya zamani. Mishipa ya umio ingeweza kufungwa kwa vipira kwa kifaa chenye kamera kabla haijapasuka, na kuna vidonge vya kushusha nguvu ya damu humo. Kama angeonekana mapema, labda angekuwepo.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Andika hayo kwa Kiswahili cha kanisani. Nitayasoma Sabato." Niliandika ukurasa mmoja. Aliusoma mbele ya watu wote, wakiwemo wawili wa wale waliokaa chini ya mwembe, ambao sasa ni wazee.

Aliporudi kwenye kiti aliniashiria kwa kidevu kuelekea nyuma, walikokaa wanawe. Wote wawili wanavua.

Jumatatu tulifika na mashine. Mkubwa alijilaza mezani, akashtuka kwa ubaridi wa jeli. Katika kipimo chetu tunaziita picha kwa herufi, A ikiwa ini safi, na kuendelea hadi F. Yake ilikuwa C: vijiduara vidogo vyeupe kuzunguka mishipa, vinaanza. Bandama bado ndogo. Nilimwonyesha kwenye kioo, nikamwambia hapa tumewahi. Tulimsimamisha kwenye kijiti cha kupimia urefu, kikasema vidonge vinne, akala ugali kwanza ndipo akavimeza kimoja kimoja mbele yangu. Nilimweleza kwamba dawa inaua minyoo mikubwa, haimzuii mtu kupata mingine, na kwamba itabidi tuonane tena.

Akafuta tumbo kwa fulana. "Dada, maji niyaache kwa muda gani?"

Nilikuwa natafuta la kumwambia. Nje mwenzake alikuwa ameshaanza kupakia taa kwenye mtumbwi, mwezi ulikuwa haupo. Yule mkubwa akaniangalia, akatikisa kichwa, akatoka.